Sarafu za dhahabu za Marekani: Thamani iliyotoka katika tanuru

Na Mwandishi Wetu

JUNI 8, 2021, katika jiji la New York, sarafu moja ya dhahabu yenye upana wa milimita 34 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 18.9 za Marekani. Maandishi yaliyochongwa juu yake yanasema kuwa thamani yake ni dola 20.

Kwa uzito, sarafu hiyo ina dhahabu isiyofikia wakia moja. Dada zake wa mwaka 1928, wenye picha ileile, uzito uleule na waliotoka katika kiwanda kilekile cha Philadelphia, huuzwa kwa bei inayokaribiana na ya dhahabu iliyomo ndani yao.

Kwa nini tofauti iwe kubwa kiasi hicho? Mtu asiyezoea biashara hii hujibu haraka kuwa ni umri, au uzuri wa mchongo, au wingi wa dhahabu. Majibu yote matatu hayatoshi.

Bei ya sarafu za dhahabu za Marekani za mwanzoni mwa karne ya 20 hutegemea zaidi jambo moja: ni ngapi za aina hiyo zilizoponea tanuru la serikali baada ya mwaka 1933. Kwa zile za mwaka 1933 wenyewe, kuna swali la pili ambalo ni zito kuliko la kwanza: je, ilitoka kiwandani kwa njia halali?

Yeyote anayefikiria kununua sarafu za aina hii, au aliyerithi moja ikiwa imefungwa katika kitambaa, anapaswa kuifahamu historia hiyo kabla ya kutoa au kupokea senti moja.

Familia ya tai

Sarafu za dhahabu zilizokuwa zikitumika Marekani wakati huo zilikuwa za aina nne, na zote zilibeba jina la ndege. Ya dola 10 iliitwa tai. Ya dola 5 ikawa nusu tai, ya dola 2 na nusu robo tai, na ya dola 20, kubwa kuliko zote, ikaitwa tai maradufu.

Zote zilikuwa na dhahabu asilimia 90. Asilimia 10 iliyobaki ilikuwa shaba iliyotiwa ili kuzipa ugumu, kwa kuwa dhahabu tupu ni laini na huchubuka upesi mikononi.

Tai maradufu ina uzito wa gramu 33.436, ambamo dhahabu safi ni wakia 0.9675. Tai ina nusu ya kiasi hicho, na hivyo hivyo kushuka hadi robo tai yenye gramu 4.18 na upana wa milimita 18 tu.

Hesabu hiyo haikuwa ya kubahatisha. Serikali ya Marekani ilikuwa imepanga bei ya wakia moja ya dhahabu kuwa dola 20 na senti 67. Zidisha bei hiyo kwa wakia 0.9675 na utapata dola 20 kamili. Kwa maneno mengine, sarafu hiyo haikuwa ahadi ya fedha kama ilivyo noti. Ilikuwa ni fedha yenyewe, na mwenye nayo angeweza kuiyeyusha bila kupata hasara.

Hata hivyo, si kila Mmarekani aliyezishika. Katika majimbo ya mashariki watu wengi walitumia noti, na dhahabu ikabaki katika hazina za mabenki au kusafirishwa nje kulipia madeni ya biashara. Jambo hilo la kusafirishwa nje lilionekana dogo wakati ule, lakini ndilo lililokuja kuamua bei za leo, kama itakavyoonekana hapa chini.

Herufi ndogo iliyochongwa katika sarafu huonyesha kiwanda ilikotoka. S ni San Francisco, D ni Denver, kiwanda kilichoanza kutengeneza sarafu mwaka 1906, na O ni New Orleans, kilichoacha kazi hiyo mwaka 1909. Isiyo na herufi ni ya Philadelphia, kiwanda mama. Mnunuzi asiyeitazama herufi hiyo ni sawa na mtu anayenunua kiwanja bila kuuliza kiko mtaa gani.

Rais na mchongaji mgonjwa

Mwaka 1900 ulipoingia, sarafu hizo zilikuwa na sura ya mwanamke Uhuru iliyobuniwa tangu karne ya 19. Rais Theodore Roosevelt hakuipenda kabisa. Mwishoni mwa mwaka 1904 alimwandikia barua Waziri wake wa Fedha akilalamika kuwa sarafu za taifa hilo ni mbaya kwa sura, na akataka zichongwe upya na msanii anayestahili.

Roosevelt huyo ndiye yuleyule ambaye, baada ya kuondoka Ikulu, aliteremka Mombasa mwezi Aprili 1909 kwa safari yake mashuhuri ya uwindaji. Wakati anateremka, sarafu alizozipigania zilikuwa tayari zimeanza kuzunguka duniani.

Msanii aliyemtaka alikuwa Augustus Saint-Gaudens, mzaliwa wa Dublin, aliyehesabiwa kuwa mchongaji bora wa Marekani wa zama zake. Wote wawili walivutiwa na sarafu za Wagiriki wa kale, ambazo picha zake zimeinuka sana juu ya uso wa madini.

Saint-Gaudens alimchonga Uhuru akiwa mwanamke aliyesimama wima, anatembea kuja mbele, mwenge mkono mmoja na tawi la mzeituni mkono wa pili, jua likichomoza nyuma yake. Upande wa pili aliweka tai anayeruka juu ya jua.

Umbo hilo la mwanamke lina uhusiano wa karibu na sanamu yake ya Ushindi iliyo katika mnara wa Jenerali Sherman mjini New York. Kwa sanamu hiyo, mchongaji alimtumia kama kielelezo Hettie Anderson, mwanamke Mmarekani mwenye asili ya Afrika aliyezaliwa Carolina Kusini. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana katika vitabu vya sarafu, na hiyo ni dhuluma ambayo watafiti wameanza kuirekebisha.

Kazi haikuwa rahisi. Mchongaji alikuwa akiugua saratani, na mchongaji mkuu wa kiwanda cha serikali, Charles Barber, aliona kuwa mchongo wa namna ile haufai kwa fedha za kila siku. Ukweli ni kwamba, pamoja na ubishi wake uliojulikana, Barber alikuwa na hoja.

Nakala za kwanza za majaribio, zilizotolewa Februari 1907, zilihitaji kugongwa na mashine hadi mara tisa ili picha itokee kikamilifu. Kiwanda kinachotakiwa kutoa mamilioni ya sarafu hakiwezi kufanya kazi hivyo, wala mabenki hayawezi kuzipanga sarafu zenye nundu moja juu ya nyingine.

Saint-Gaudens alifariki dunia Agosti 3, 1907, kabla sarafu yake haijatoka. Msaidizi wake, Henry Hering, aliendelea kuvutana na kiwanda. Roosevelt akashikilia msimamo, na mwishoni mwa mwaka huo zilitolewa takriban sarafu 12,000 za tai maradufu zenye mchongo ulioinuka, kila moja ikigongwa mara tatu, na mwaka ukiandikwa kwa tarakimu za Kirumi: MCMVII.

Baada ya hapo Barber aliushusha mchongo, tarakimu za kawaida zikarudi, na mashine zikaanza kutoa sarafu kwa kasi iliyotakiwa. Hadi leo sarafu ya MCMVII ndiyo ambayo wakusanyaji wengi huitaja kuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kutolewa na taifa hilo. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuwapinga.

Ulizuka pia ugomvi wa dini. Roosevelt aliamini kuwa kuliandika jina la Mungu katika fedha, zinazotumika hata katika kamari na ulevi, ni kulikosea heshima, hivyo maneno ya kumtumainia Mungu hayakuwekwa katika tai na tai maradufu mpya. Wananchi walikasirika. Bunge la Marekani likaamuru mwezi Mei 1908 maneno hayo yarudishwe. Ndiyo maana sarafu za 1907 na baadhi ya zile za 1908 hazina maneno hayo, na zile za baadaye zinayo.

Nusu tai na robo tai zilibadilishwa mwaka 1908 na mchongaji mwingine, Bela Lyon Pratt wa Boston. Yeye alifanya kinyume: picha ya Mhindi Mwekundu na ya tai hazikuinuliwa bali zilididimizwa ndani ya uso wa sarafu. Mfanyabiashara mmoja wa sarafu wa Philadelphia alimlalamikia Rais kuwa mashimo hayo yatahifadhi uchafu na kueneza maradhi. Hakusikilizwa, na sarafu hizo ziliendelea kutolewa, kwa vipindi, hadi mwaka 1929.

Amri ya Aprili 5

Yote hayo yalifikia kikomo wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mabenki yalikuwa yakianguka, wananchi wakikimbilia kutoa dhahabu na kuificha majumbani.

Franklin Roosevelt, ndugu wa mbali wa yule wa kwanza, aliapishwa Machi 4, 1933. Siku mbili baadaye alizuia mabenki yasitoe dhahabu. Aprili 5 akatia saini amri namba 6102, iliyowataka watu wote kusalimisha sarafu na vipande vya dhahabu walivyokuwa navyo ifikapo Mei 1. Adhabu ya mkaidi ilikuwa faini ya hadi dola 10,000, kifungo cha hadi miaka 10 jela, au vyote viwili.

Kila mtu aliruhusiwa kubaki na dhahabu isiyozidi dola 100. Aidha, amri iliacha mlango mdogo ambao wakusanyaji wa leo wanapaswa kuushukuru: sarafu zenye thamani maalumu inayotambulika kwa wakusanyaji wa vitu adimu hazikuhusika.

Aliyetii amri alilipwa dola 20 kwa tai maradufu. Mwezi Januari 1934, sheria mpya ilipitishwa, na bei ya wakia ikapandishwa hadi dola 35. Dhahabu iliyokuwa ndani ya sarafu ileile sasa ilikuwa na thamani ya karibu dola 33 na senti 86. Faida hiyo iliingia serikalini, si kwa raia aliyepanga foleni benki.

Sarafu zilizokusanywa zikayeyushwa. Ziligeuzwa matofali ya dhahabu, na mengi kati ya hayo yalipelekwa katika ghala la Fort Knox, jimbo la Kentucky, lililoanza kupokea dhahabu Januari 1937.

Tanuru halikuchagua. Sarafu za miaka ya 1920 na 1930, nyingi zikiwa bado katika mifuko ya kiwandani na hazijawahi kuguswa na mnunuzi yeyote, ziliingia motoni zote kwa pamoja. Hapo ndipo idadi iliyotengenezwa ilipoacha kuwa kipimo cha uadimu.

Mfano ulio wazi ni tai maradufu ya Denver ya mwaka 1927. Zilitengenezwa 180,000. Zinazojulikana kuwapo leo hazifiki 20. Wakati huohuo, sarafu za MCMVII zilikuwa takriban 12,000 tu, lakini kwa kuwa watu waliziona nzuri na kuziweka tangu siku ya kwanza, maelfu yake yapo. Aliyesoma takwimu za kiwanda peke yake angedhani kuwa ya Denver ndiyo ya kawaida.

Zilizokimbilia Ulaya

Kuna sarafu nyingine zilizopona kwa njia tofauti. Zile zilizokuwa zimesafirishwa nje kabla ya 1933 zilikuwa katika mabenki ya Uswisi, Ufaransa na Amerika Kusini, ambako amri ya Rais wa Marekani haikufika. Wenye nazo waliposikia kilichotokea, walizidi kuzishikilia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wafanyabiashara wa sarafu walianza kuzifuata huko na kuzirudisha Marekani mfuko baada ya mfuko. Kwa wanunuzi wengi ilikuwa neema. Kwa wengine ilikuwa msiba.

Tai maradufu ya San Francisco ya mwaka 1924, kwa mfano, ilihesabiwa katika miaka ya 1940 kuwa miongoni mwa zilizo adimu mno, na waliokuwa na uwezo waliinunua kwa bei ya juu. Kisha mifuko ya Ulaya ikafunguliwa, na humo zikakutwa nyingi. Bei ikaporomoka.

Funzo hilo halijapitwa na wakati. Uadimu wa sarafu ni hesabu ya zile zinazojulikana, na hakuna ajuaye kwa hakika kilichomo katika kila kasha la chuma la kila benki. Ndiyo maana wauzaji waangalifu husema sarafu fulani "zinazojulikana" ni kadhaa, hawasemi "zilizopo".

Uadimu pekee nao hautoshi. Lazima wawepo wanaoitaka. Msomaji wa Tanzania ana mfano wa nyumbani. Mwaka 1916, Wajerumani waliozingirwa vitani walitengeneza mjini Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Jumla yake ilikuwa 16,000 na kidogo, idadi isiyo mbali na ile ya MCMVII. Lakini sarafu ya Marekani huuzwa kwa bei kubwa zaidi mara kadhaa, si kwa kuwa na dhahabu nyingi tu, bali kwa sababu nchi ile ina jeshi zima la wakusanyaji wanaoigombea.

Bei tatu za sarafu moja

Kwa hiyo kila sarafu ya kundi hili ina bei tatu. Ya kwanza ni iliyoandikwa juu yake, ambayo haina maana tena. Ya pili ni ya dhahabu iliyomo. Ya tatu ni ya mkusanyaji.

Bei ya pili kila mtu anaweza kuikokotoa. Chukua bei ya wakia ya siku hiyo, zidisha kwa 0.9675 ikiwa ni tai maradufu, 0.4838 ikiwa ni tai, 0.2419 kwa nusu tai na 0.1209 kwa robo tai. Oktoba 2025 wakia ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza; kwa bei hiyo, tai maradufu ilikuwa na dhahabu ya dola 3,870. Anayekubali kuiuza chini ya hapo ameibiwa hata kama amepeana mkono na mnunuzi.

Bei ya tatu ndiyo yenye mitego. Hutegemea mwaka, herufi ya kiwanda na hali ya sarafu. Tai maradufu za Philadelphia za 1924, 1927 na 1928 zipo nyingi sana. Ya 1928 peke yake ilitengenezwa zaidi ya milioni 8. Hizo huuzwa kwa nyongeza ndogo tu juu ya dhahabu, na kwa anayeanza ndizo zinazofaa, kwa kuwa hata akikosea hatapoteza sana.

Hali ya sarafu hupimwa kwa alama kuanzia 1 hadi 70, mfumo uliotokana na kazi ya William Sheldon ya mwaka 1949. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikutumika. Lakini kutotumika si kutochubuka: sarafu hizi nzito zilisafirishwa katika mifuko ya nguo zikigongana njia nzima, na kwa sababu hiyo nyingi zina alama za kugongana hata kama hazikuwahi kununua kitu dukani.

Tofauti ya alama moja au mbili, ambayo jicho la kawaida haliioni, huweza kuongeza bei maradufu. Hali hiyo ilizaa magomvi yasiyokwisha kati ya wauzaji na wanunuzi, hadi yalipoanzishwa makampuni huru ya kupima. PCGS ilianza kazi mwaka 1986 na NGC mwaka 1987. Kampuni huikagua sarafu, huipa alama na kuifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba yake.

Ipo kanuni ambayo wenye kurithi huivunja kwa nia njema: sarafu haisafishwi. Kuisugua kwa dawa ya meno, majivu au kitambaa huondoa uso wake wa asili, na mpimaji ataligundua hilo mara moja. Mng'ao unaopatikana kwa dakika tano huweza kufuta kabisa ile bei ya tatu.

Bandia ya dhahabu halisi

Wengi hudhani sarafu bandia ni ya shaba iliyopakwa rangi. Hizo zipo, na mizani huzifichua. Tai maradufu isiyokaribia gramu 33.4 au yenye upana tofauti na milimita 34 haihitaji mjadala.

Tatizo kubwa ni bandia zilizotengenezwa kwa dhahabu halisi, zenye uzito kamili. Katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili, karakana za Lebanon na kwingineko zilizitoa kwa wingi. Mtengenezaji hakuiba dhahabu. Aliiba ile tofauti kati ya bei ya pili na ya tatu.

Mashuhuri kuliko zote ni bandia ya MCMVII. Fundi wake, ambaye hajatambulika, aliifanya kwa ustadi uliowababaisha wataalamu, kisha akaacha sahihi yake: herufi ndogo mno ya Kigiriki, omega, iliyojificha katika ukucha wa tai. Bila kioo cha kukuzia, haionekani.

Njia nyingine ni kuichukua sarafu halali na kuiongezea herufi. Robo tai ya Denver ya mwaka 1911, iliyotengenezwa 55,680 tu, ndiyo inayotafutwa zaidi katika kundi lake. Ya Philadelphia ya mwaka huohuo ni ya kawaida. Herufi D moja, iliyobandikwa na fundi mwenye subira, huigeuza ya pili ionekane kama ya kwanza. Sarafu yenyewe ni halisi, dhahabu ni halisi, uongo ni herufi tu.

Katika miaka ya karibuni yameonekana hata makasha bandia ya makampuni ya upimaji. Namba iliyo juu ya kasha ihakikiwe katika orodha ya kampuni husika, na picha iliyomo ilinganishwe na sarafu iliyo mkononi.

Upo pia mkanganyiko usio wa kihalifu. Tangu 1986 serikali ya Marekani hutoa sarafu mpya za dhahabu zenye mwanamke yuleyule wa Saint-Gaudens. Hizo ni sarafu za kuweka akiba, ya wakia moja ikiandikwa dola 50, na zile za 1986 hadi 1991 mwaka wake umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Asiyezisoma vizuri huweza kudhani ameshika MCMVII, kumbe ameshika MCMLXXXVI.

Sarafu isiyoruhusiwa kumilikiwa

Tunarudi sasa kwa ile ya dola milioni 18.9, maana ndiyo inayoonyesha lile swali la pili, la uhalali.

Tai maradufu 445,500 zenye mwaka 1933 zilitengenezwa Philadelphia, kazi ikianza mwezi Machi, mabenki yakiwa tayari yamezuiwa kutoa dhahabu. Hakuna hata moja iliyotolewa rasmi kwa matumizi. Mbili zilipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, nyingine ziliyeyushwa, na kazi ikahesabiwa kuwa imekamilika mwaka 1937.

Tai za dola 10 za mwaka huohuo zilikuwa na bahati tofauti. Baadhi zilitolewa kihalali mwanzoni mwa mwaka, kabla ya amri. Chache zilizobaki huuzwa na kununuliwa bila bughudha. Wiki chache tu ndizo zilizozitenganisha.

Mwaka 1944 mwandishi wa habari wa New York, alipoona tai maradufu ya 1933 imetangazwa mnadani, aliuliza kiwandani ni ngapi zilizotolewa. Jibu la hakuna hata moja likaanzisha uchunguzi. Wapelelezi wa Secret Service walifuata nyayo hadi kwa Israel Switt, mfanyabiashara wa vito wa Philadelphia, aliyekiri kuuza tisa. Muda wa kumshitaki ulikuwa umepita. Sarafu zilizokuwa mikononi mwa wakusanyaji wa Marekani zilikamatwa na kuyeyushwa.

Moja ilikuwa imeshaondoka. Mfalme Farouk wa Misri, mkusanyaji asiyeshiba, alikuwa ameinunua, na maofisa wa Marekani walimpa kibali cha kuitoa nchini siku chache tu kabla ya uchunguzi kuanza. Farouk alipinduliwa mwaka 1952. Mali zake zilipopigwa mnada Cairo mwaka 1954, Marekani iliomba sarafu hiyo irudishwe. Ikaondolewa mnadani, kisha ikapotea.

Iliibuka mwaka 1996, pale mfanyabiashara Mwingereza, Stephen Fenton, alipokamatwa katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, akitaka kuiuza kwa watu ambao kumbe walikuwa wapelelezi. Mashitaka ya jinai yalifutwa, lakini shauri la umiliki likaendelea. Sarafu ilihifadhiwa katika majengo ya World Trade Center hadi mwezi Julai 2001, ilipohamishiwa Fort Knox. Miezi miwili baadaye majengo hayo yalianguka.

Makubaliano yalikuwa kwamba iuzwe na fedha zigawanywe nusu kwa nusu. Kibali cha Farouk ndicho kilichoiokoa. Julai 30, 2002 iliuzwa kwa dola 7,590,020. Zile dola 20 za mwisho zililipwa kwa Hazina ili sarafu hiyo, baada ya miaka 69, ihesabiwe kuwa imetolewa rasmi. Mnunuzi, ambaye baadaye alijulikana kuwa ni mbunifu wa viatu Stuart Weitzman, ndiye aliyeiuza mwaka 2021.

Warithi wa Switt hawakupata bahati hiyo. Mwaka 2003, binti yake, Joan Langbord, na wanawe walikuta tai maradufu 10 za mwaka 1933 katika kasha lililokuwa benki. Walizipeleka kwa serikali zihakikiwe. Serikali ilithibitisha kuwa ni halisi, na ikakataa kuzirudisha kwa madai kuwa ziliibwa kiwandani.

Baraza la wazee wa mahakama mjini Philadelphia liliipa ushindi serikali mwaka 2011. Majaji wa rufaa waliipa ushindi familia mwaka 2015. Jopo kubwa zaidi la mahakama hiyohiyo liliugeuza uamuzi huo Agosti 2016, na mwezi Aprili 2017 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri hilo.

Mwaka 2018 ilifahamika kuwa mtu mwingine, ambaye jina lake halikutangazwa, alikuwa ameisalimisha ya kwake kwa hiari. Ya Farouk imebaki kuwa tai maradufu pekee ya 1933 ambayo mtu binafsi anaruhusiwa kisheria kuimiliki.